Aidia zimenikauka jamani, nyie mwafanya nini kila siku akili isilale?

HinaKibokoni

Aswalam alaykum wadau, hamjambo nyote. Mie ni mchoraji wa hina hapa Mombasa, Mji wa Kale, nachora mabibi harusi na wageni wao na sikukuu ndio hata usiseme, Idi ikikaribia nalala usiku wa manane. Kazi ipo alhamdulillahi, sililii kazi. Shida yangu ni kwamba kila mteja akija amekuja na simu, "nataka kama hii", picha yenyewe kaitoa Pinterest au ni ya mchoraji wa India huko, nami nachora vile vile, anafurahi, analipa, anaenda zake. Sasa juzi kaja msichana mmoja mpole akanambia "dada we nichoree unachotaka wewe" na wallahi mkono ukaganda. Koni iko mkononi, hina yakauka kwenye ncha, na sina la kuchora. Mwisho nikampa lile lile ua la kiganjani na kitawi kinachopanda kidole cha shahada, akasema maashallah, lakini mie nilijua.

Basi naomba kuuliza, nyinyi wenye kazi za mikono, waandishi, wapishi, mafundi, yeyote, mwafanya nini siku za kawaida ili mawazo yawe yaja? Sitaki zile za "jiamini" na "fuata ndoto yako", hizo nshazisikia. Nataka kitu mtu anakifanya kabla ya chai ya asubuhi au jioni akishafunga kazi. Na mjue nina watoto wawili wadogo, baba yao yuko safarini, kwa hivyo msiniambie niende Watamu nikae wiki nzima kutafuta utulivu.

kijana_wa_Kisauni

Dada, mteja kaleta picha, chora picha, pokea pesa, lala. Ubunifu haulipi tokeni za stima.

HinaKibokoni

@kijana_wa_Kisauni hehe kweli haulipi, lakini we huoni kama wote twachora picha moja basi mteja ataenda kwa yule wa bei ya chini? Mtaa wangu peke yake tuko wengi na koni ni zile zile.

fundi_rangi

Hapo kwa bei umesema dadangu. Mimi napaka rangi na kuchora matatu na tuktuk, gereji yetu iko upande wa bara, na haya yako nayajua kabisa maana wenye magari nao waja na simu. "Nichoree simba kama huyu wa gari la Nairobi." Simba wa watu nshawachora mpaka wengine nawachora nimefumba macho.

Kitu kilichonisaidia ni cha kijinga sana, usinicheke. Asubuhi sifungui simu kutazama kazi za watu mpaka nimechora changu kwanza. Si kwa sababu picha za watu ni haramu, hapana, ni kwamba ukishatazama kazi ya mtu kabla hujashika penseli, mkono unaifuata hata ukikataa, utajikuta macho ya simba ni yale yale uliyoyaona saa moja asubuhi. Nina daftari la hesabu lile la miraba, la bei rahisi kabisa, na nalitaka liwe la bei rahisi kwa sababu ukinunua lile zuri la jalada la ngozi utaogopa kulichafua. Nikifika gereji kabla kazi haijaanza najaza ukurasa mmoja. Na ukurasa una sharti. Leo sharti ni kalamu isinyanyuke kwenye karatasi, kesho ni mistari iliyonyooka tu bila kona ya duara, siku nyengine nachora kitu kimoja kilicho mbele yangu, spana, sandali ya mtu, kikombe cha chai ya rangi, lakini nakirudia mpaka ukurasa umejaa. Kurasa nyingi ni ovyo wallahi, ukizitazama utasema ni za mtoto. Hakuna anayeziona. Lakini mwenye tuktuk akija akasema "fanya unavyojua" najua pa kuanzia, nafungua daftari naona ile spana iliyorudiwa mpaka ikawa kama bawa la ndege, haya, twende kazi.

Hilo la sharti lishike sana. Watu wadhani ukipewa uhuru wote ndio akili inafunguka, kumbe ndio inaganda, kama ilivyokuganda wewe na yule msichana. Mwenye gari akinambia nina rangi mbili tu, nyeusi na machungwa, na bajeti ni hii hapa, mimi nafurahi. Sasa kazi imepata ukuta wa kuegemea.

Na kwa wateja wako wa simu usigombane nao. Mwambie hivi, huu mkono wa kulia nakuchorea picha yako vile ulivyotaka, huu wa kushoto niachie mimi, bei ni ile ile. Wengi watakubali, na ukiwapiga picha wote wawili utaona watu wauliza upi.

kijana_wa_Kisauni

Hiyo ya mkono mmoja nimeikubali. Nimenyamaza.

Bi_Leso

Mwanangu wa Kibokoni, hujambo. Mimi ni mtu mzima, nimeuza leso miaka mingi na macho yangu yamekaa kwenye maua maisha yangu yote kwa hivyo nistahamilie nitasema kirefu.

Nyinyi watoto mwaenda kutafuta maua ya India mbali huko na mmezungukwa na maua. Panda mpaka Biashara Street, usinunue kitu, simama tu dukani utazame leso zilizotundikwa. Leso ina pindo, ina mji, ina jina. Watu wote wasoma jina kwanza wajue nani anasemwa leo, hehehe, kisha watazama mji. Pindo hakuna anayelitazama, na pindo ndilo lenye kazi. Litazame peke yake. Funika mji kwa mkono. Utaona vile fundi alivyofanya kona, maana pindo lote latembea vizuri likifika kona ndipo mtu hujulikana kama ana akili au hana, wengine walikata tu ghafla, wengine waliweka ua la umbo la korosho, wengine ua kubwa la kuficha. Sasa wewe mkono wa bibi harusi una kona ngapi? Kifundo cha mkono, kiwiko, katikati ya vidole. Chukua pindo la leso ya nyanyako lile la sandukuni ulizungushe kwenye kifundo uone. Hakuna Pinterest itakayokuwa na leso ya nyanyako.

Kisha shuka Ndia Kuu utazame milango. Wewe wakaa Kibokoni waipita kila siku, na kitu ukikipita kila siku hukioni tena. Usiitazame yote kwa pamoja utachoka. Mlango mmoja, tena nguzo ya katikati peke yake, au ule mnyororo uliochongwa kwenye fremu. Siku nyengine kofia ya mzee wako, ile iliyoshonwa kwa mkono, zile tundu zilivyopangwa. Siku nyengine mkeka, ukili wa rangi ulivyopishana. Mkeka hauna duara hata moja na bado wapendeza, hilo nalo ni somo kwa mtu wa maua.

Na mtu asije akakwambia ubunifu ni kuongeza piko, mwanangu. Ile ya kupaka nywele imewaunguza watoto wa watu ngozi, wamevimba mikono siku ya harusi yao. Hina ni hina.

Zamani bibi zetu walikuwa wakichovya ncha za vidole tu na duara moja katikati ya kiganja, basi, na mwanamke akiingia mahali watu wanyamaza. Hata kupunguza ni kubuni.

HinaKibokoni

Bi Leso shikamoo. Hapo kwa kona umenimaliza. Mie kila nikifika kwenye kifundo naweka bangili ya nukta nukta kwa sababu sijui nitoke vipi. Kesho naenda Biashara Street na watoto wangu wote wawili, Mungu anisaidie.

Bi_Leso

Marahaba mwanangu. Waende na maji na biskuti.

malenga_mdogo

Mimi si mchoraji, natunga mashairi, lakini naona huyu fundi rangi na mimi kazi yetu ni moja. Sharti! Sisi sharti letu ni vina na mizani. Watu wengi shuleni walifanywa wachukie vina wakaambiwa ni minyororo, mimi naona vina ndivyo vinavyonifikisha mahali ambapo nisingefika kwa akili yangu. Nataka kusema "nimechoka", kina kinakataa, kinataka neno linaloishia na -ua, basi naanza kutafuta, na katika kutafuta naokota jambo ambalo sikuwa nimelipanga.

Zoezi langu la kila siku ni ubeti mmoja wa kitu nilichokiona siku hiyo hiyo, na kiwe kitu duni. Mapenzi siku nyengine, siku za kawaida ni bei ya nyanya, ni paka wa jirani, ni makanga kanizidishia nauli. Huu ni wa msimu wa mvua juzi hapo Mwembe Tayari:

*Tukutuku yazimika, katikati ya mvua,*
*Maji nayo yafurika, dereva anapumua,*
*Abiria twashituka, kila mtu ashavua,*
*Viatu tumevishika, kwa miguu twachapua.*

Si shairi la kuingia kitabuni najua, lakini niliutunga nikitembea na viatu mkononi na nilipofika nyumbani ulikuwa umekwisha. Na hapa kwetu hiyo si desturi ngeni. Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo 1840, alikuwa akitunga mambo ya mji huu huu, siasa za Mazrui waliokuwa watawala wa Mombasa na Sultani wa Unguja wa upande wa pili, biashara, utani, mahaba, mtu akimtupia neno yeye amjibu kwa ubeti. Kujibizana huko ndiko kulikomuweka macho naona mimi. Kwa hivyo dadangu tafuta mchoraji mwenzio mmoja, mmoja tu, mtumiane kila jioni picha ya kitu kimoja mlichochora, yeye akianza wewe umjibu. Usimsifu na asikusifu, mjibu kwa mchoro.

Na kama mtu atasema hana nafasi wala vifaa, kuna Abdilatif Abdalla, mtoto wa Mombasa huyu, alifungwa kwa kuandika waraka wa kuikosoa serikali, 1969 mpaka 1972, mashairi aliyatunga gerezani akiyaandika kwenye karatasi za chooni.

kijana_wa_Kisauni

Kwa hivyo ushauri ni dada afungwe? 😂

malenga_mdogo

Wewe si ulisema umenyamaza?

dkt_bado

Hodi humu. Nasoma saikolojia chuoni, bado sijamaliza ndio maana ya jina. Nataka kuongeza mawili ambayo yamepimwa, kwa sababu watu hupenda kusema tu "tembea tembea upate mawazo" bila kujua yafanya kazi vipi.

La kwanza ni hilo la kutembea. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Stanford, Marily Oppezzo na Daniel Schwartz, waliwapa watu maswali kama vile taja matumizi mapya ya kitu cha kawaida, wakalinganisha wakiwa wamekaa na wakiwa watembea, na kwa wastani wakitembea walitoa mawazo mapya zaidi kwa asilimia 60 hivi. Lakini sikilizeni hapa ndipo pazuri, wengine walikuwa watembea kwenye mashine ya mazoezi ndani ya chumba, mbele yao ukuta mtupu, na bado mawazo yaliongezeka. Kwa hivyo si lazima mandhari, si lazima uende Lighthouse jioni kula mihogo ya kukaanga ingawa sikukatazi. Dada mwenye watoto, darini kwako panatosha, ua wa nyuma unatosha, zunguka na mtoto mgongoni. Na wengine walipomaliza kutembea wakakaa, mawazo yaliendelea kuja kwa muda, kwa hivyo waweza kutembea kabla mteja hajafika.

Kuna kitu watu hukiruka katika huo utafiti. Kwa maswali yanayotaka jibu moja tu sahihi, kutembea hakukusaidia, hata kuliharibu kidogo. Kwa hivyo tembea ukitafuta, kaa ukichagua. Usiamue dizaini ya bibi harusi ukiwa watembea.

La pili ni usingizi wa mchana na hili watu wa Mombasa tulilijua kabla ya wote, wali wa nazi ukishashuka na jua lile nani abaki macho. Utafiti ulitoka Ufaransa 2021. Walimpa mtu hesabu ndefu zenye njia ya mkato iliyofichwa, kisha wakampumzisha kidogo akishika kitu mkononi. Wale waliozama kwenye ule usingizi wa mwanzo kabisa, ule wa kusinzia, hata sekunde 15 tu, asilimia 83 waliigundua ile njia ya mkato, waliobaki macho ni asilimia 30, na walioingia usingizi mzito ni asilimia 14 tu. Yaani kusinzia kunasaidia, kulala fofofo kunaharibu. Ndio maana ya kushika kitu, ukizama sana kinaanguka chakuamsha. Wasema Thomas Edison alikuwa akifanya hivyo. Mimi nimejaribu na kijiko, sahani ya bati chini. Mamangu alidhani ni paka jikoni akaja na ufagio.

Ila la muhimu, na hili nalisema kwa sababu watu watalala tu, hao watu walikuwa wameshahangaika na hizo hesabu kabla ya kupumzika. Usingizi haukuletei kitu ambacho hukukianza. Chora kona yako ikushinde kwanza, ndipo usinzie.

fundi_rangi

@dkt_bado hiyo ya kushindwa kwanza ndio ukweli wenyewe. Mimi hujiachia kazi imekwama makusudi jioni, siimalizi, naenda nyumbani nayo kichwani. Asubuhi naona pa kupita. Nikiimaliza jioni asubuhi naanza kutoka sifuri na hapo ndipo simba warudi.

jikoni_kwa_Zainabu

Nasoma tu huku nakaanga lakini wacha niseme yangu. Mie nauza viazi karai na bajia na jioni mahamri, na aidia zangu hunijia nikiwa na mikono ya unga, simu siwezi kushika. Kwa hivyo nimemfunza mwanangu wa kike abonyeze kurekodi, naongea, "bajia za kunde na ukwaju wa embe bichi, jaribu Ijumaa", basi. Usiku nasikiliza. Nusu ni upuuzi na kelele za mafuta. Dada wa hina na wewe mikono yako kutwa ina hina, hiyo ya sauti itakufaa kuliko daftari.

Jengine, jaribu kitu kipya siku ambayo hakina hasara. Mie sijaribu kitu kipya Jumamosi watu wamejaa, najaribu Jumatatu, naweka sahani ndogo, nawapa bure wale watoto wa madrasa, wakirudi kuomba najua kimekubali. Watoto hawana adabu ya kukudanganya. Wewe una watoto wawili na mikono minne ya bure hapo nyumbani, maua mapya yajaribie hapo kwanza, hina yenyewe itatoka.

HinaKibokoni

Jamani mumenifanya nicheke na kulia. Mikono minne ya bure! Huyu wangu mdogo hakai hata dakika moja lakini mkubwa atakubali nikimpa mabuyu.

Nimesoma yote na nshaanza kupanga. Daftari la miraba nimelitoa kwa mwanangu, ashalijaza nusu kwa magari. Darini ntatembea baada ya alfajiri kabla hawajaamka maana wakiamka ndio basi. Hilo la kulala na kijiko sijui, mie nikiegemea mto ni moja kwa moja mpaka alasiri, hiyo asilimia 14 ndio mimi. @malenga_mdogo yuko mwenzangu mmoja Likoni twajuana tangu madrasa, ntamuomba tujibizane, ila yeye achora vizuri kunishinda na mdomo anao. Swali moja limebaki, hivi mwaweka sharti gani nyie kazi ikiwa ni ya mteja na mteja hakuweka sharti lolote? Kama yule msichana. Najiwekea mwenyewe au namuuliza?

fundi_rangi

Muulize, lakini usimuulize wataka dizaini gani, hapo atatoa simu. Muulize kitu cha pembeni. Mimi mwenye tuktuk humuuliza, hii umeinunuaje? Mmoja akanambia aliuza ng'ombe wa babake kule Kilifi. Nikamchorea pembe mbili tu, kubwa, kutoka taa hadi taa. Hakuna tuktuk nyengine mjini yenye pembe zile, na hakuniuliza kwa nini hakuna simba.

Bi_Leso

Bibi harusi muulize nguo yake ya siku ile ina nini mkononi, na mamake alivaa nini. Wataongea hao mpaka hina ikauke.

jikoni_kwa_Zainabu

Na kama hasemi kitu mpe sharti la muda, mwambie saa moja tu nina mtu mwengine. Mkono wenye haraka hauna nafasi ya kuiga.

dkt_bado

Hilo la haraka silikubali sana, kwa kazi ndogo labda. Mtu mwenye haraka aghalabu hurudi kwenye kile anachokijua, yaani lile lile ua la kiganjani. Mimi ningesema muda mfupi kwenye daftari, muda mrefu kwenye ngozi ya mtu.

jikoni_kwa_Zainabu

Sawa daktari bado 😅 mie viazi vyaungua.

fundi_rangi

@HinaKibokoni kuna jambo nafikiria tangu Bi Leso aseme ya pindo. Nina tuktuk ya jamaa wa Majengo yuaja nayo Jumatano, yeye ataka maua si simba, kwa ajili ya kubeba maharusi. Mimi maua yangu yatoka kama kabichi. Je waweza kunichorea pindo kwenye karatasi mimi nilihamishe kwa rangi? Nakulipa.

HinaKibokoni

@fundi_rangi nipe upana wa mlango na bampa kwanza. Na niulizie aliinunuaje.

fundi_rangi

Kwa mkopo wa chama cha mkewe.

HinaKibokoni

Basi jina la mke lazima liingie mahali. Karatasi ntakupa Jumanne usiku, uje mwenyewe uichukue, siitumi kwa picha.

kijana_wa_Kisauni

Mkimaliza hiyo tuktuk nijulisheni. Mimi nina bodaboda na nina harusi mwezi wa nane, na sitaki kama ya mtu.